Mbegu Isiuzwe kwa Ajili ya Sikukuu

Fundisho la Kwaresima kwa wakatekumeni wanaojiandaa kupokea Ubatizo wakati wa Pasaka



Bwana wetu Yesu Kristu, alipokuwa akiwafundisha watu wengi waliofuatana naye, aliwapa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, akiwa na akili, huketi kwanza, huhesabu gharama, hutazama kama mali yake yatosha kuimaliza kazi. Asipohesabu, ataweka msingi tu, na wapitao njiani watamcheka. Mfano huo umeandikwa katika Injili ya Luka, sura ya 14. Bwana alitaka kufundisha kwamba anayemfuata yeye apime vema kile atakachokiacha. Lakini tazameni jinsi alivyouchagua mfano wake: hakuidharau hesabu ya fedha. Mtu ambaye hajui kuhesabu matofali yake atawezaje kuhesabu mambo ya roho yake?

Katika vijiji vya Katana, kutoka ukingo wa Ziwa Kivu mpaka Lwiro kuelekea milimani, mwisho wa mwezi wa Februari na mwezi wa Machi ni wakati wa kupanda maharagwe. Yatavunwa mwezi wa Juni. Wakati huohuo ni wakati wa Kwaresima, nao walioteuliwa kwa Ubatizo wanangojea usiku mtakatifu wa Pasaka. Basi kila mwaka mambo mawili hukutana katika nyumba ya mkatekumeni: kapu la mbegu na sikukuu ya Ubatizo. Mkutano huo si jambo dogo. Ni mtihani wa kwanza wa maisha yake ya Kikristu, nao haufanywi darasani bali nyumbani.

Fikirini nyumba moja tu. Mume amemaliza mafundisho yake, naye anaona haya kwa sababu koti lake limechakaa. Anamwambia mkewe: «Mama watoto, Pasaka inakaribia. Jirani zetu walipobatizwa walivaa suti mpya, wakawapa wageni bia masanduku kwa masanduku. Tuuze lile kapu la maharagwe.» Mke anamjibu kwa heshima: «Baba watoto, kapu lile ni mbegu. Tukiliuza, mwezi wa Juni tutavuna nini?» Mume anasema: «Mungu atatoa.»

«Mungu atatoa» ni neno zuri la imani, lakini hapa limetumiwa vibaya. Mungu amekwisha kutoa. Ametoa mbegu ile, ametoa na mvua, ametoa na mke mwenye busara wa kuilinda. Mwenye kuuza alichopewa na Mungu, kisha akamngojea Mungu atoe tena, hamtumaini Mungu bali anamjaribu.

I. Sakramenti hainunuliwi

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, imesimuliwa habari ya Simoni mchawi, aliyewaletea Mitume fedha ili apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Mtakatifu Petro alimkemea kwa ukali, maana karama ya Mungu haina bei. Wakatekumeni wa leo hawafanyi kosa la Simoni. Lakini wako wengine wanaokaribia kudhani kwamba Ubatizo usiokuwa na suti mpya, vikwembe vya kufanana na bia nyingi haukukamilika. Wengine humaliza mafundisho yote, kisha huahirisha Ubatizo mwaka hata mwaka, wakisema: «Fedha ya sikukuu haijapatikana bado.» Jamani! Mtu anangojea mlangoni mwa nyumba ya Baba yake, na mlango uko wazi, naye hataki kuingia kwa sababu viatu vyake ni vya zamani.

Jueni basi Kanisa lenyewe linampa nini mtu siku ya Ubatizo. Linampa maji, mafuta matakatifu, mshumaa wenye mwanga na vazi jeupe. Vazi hilo ni moja kwa wote. Mwenye ng'ombe kumi halivai lililo jeupe kupita la mjane asiye na kuku. Aliyeifua nguo yake vizuri, akaipiga pasi, akaja na moyo safi, huyo amevaa inavyopasa. Wageni wakipewa ugali, maharagwe na ndizi kwa furaha, hiyo ni karamu ya Kikristu. Kwa mwenye nyumba kilichobaki ni kutoa shukrani, wala hana deni.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1963, uliagiza kwamba katekumenati ya watu wazima irudishwe, nayo igawanywe katika hatua mbalimbali. Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu kujifunza sala kwa kichwa hakutoshi. Mtu anajifunza kubadili mwenendo wake, na mwenendo wa mtu huonekana upesi sana katika jinsi anavyotumia fedha yake.

II. Mtoto atangulie

Katika Bushi upo ugonjwa ambao kila mama anaujua jina lake: bwaki. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa muhogo na ndizi tu, huvimba miguu na uso, nywele zake huwa nyekundu na nyepesi, naye hukaa kimya asitake kucheza. Tumbo lake laweza kujaa kila siku, na huku mwili wake unakosa chakula cha kuujenga. Madaktari wa hospitali ya Fomulac, hapo Katana, na wa Lwiro walikuwa wakiutibu ugonjwa huo tangu kabla ya uhuru wa mwaka 1960. Hata Bukavu watu waliunda chama cha kuupiga vita, wakakiita kwa jina la ugonjwa wenyewe: Komite Anti-Bwaki.

Vita na kukimbia makwao vimewaletea watu wengi njaa, nao hawana hatia. Asiwepo mtu wa kuwahukumu. Lakini iko njaa nyingine inayotengenezwa na watu ndani ya nyumba isiyokosa chakula. Kuku ametaga mayai. Mayai yote yanapelekwa barabarani yauzwe kwa wasafiri waendao Bukavu. Maharagwe yamevunwa, karibu yote yanauzwa juma lilelile, wakati bei iko chini, kisha yananunuliwa tena miezi mitatu baadaye kwa bei ya juu. Fedha ya mayai imenunua soda na biskuti, na fedha ya maharagwe imekwenda kwenye kasiksi na bia. Mtoto alikuwa na yai, akabadilishiwa maji yenye sukari. Nani amefaidika katika biashara hiyo?

Fedha ya nyumba ina wenyewe, na aliye mdogo kuliko wote ndiye anayetangulia. Kabla ya kuuza mayai kumi, yawekwe mawili au matatu kwa watoto. Mwenye kupata fedha kidogo anunue sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwako zamani katika Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika katika mwaka 1959, na leo ni chakula cha watu wengi. Sambaza wachache waliokaushwa, wakisagwa na kutiwa katika uji au mchuzi wa mtoto, humjenga mwili kuliko soda.

III. Akili katika soko

Katekisimu hufundisha fadhila nne zilizo kama nguzo za mwenendo mwema: Busara, Haki, Nguvu na Kiasi. Mkristu anapokwenda sokoni, kama ni Mudaka au Kabamba au penginepo, asiziache nyumbani.

Busara humwambia: jua unachokwenda kununua kabla ya kutoka nyumbani. Mwenye kwenda sokoni bila shauri hununua kwa macho, na macho hayashibi. Tazama kopo la kupimia unga na maharagwe, lisiwe limegongwa chini likaingia ndani, maana kopo la namna hiyo linaiba kila linapojazwa. Kagua kitu kwa mkono. Sufuria nzito inayodumu miaka kumi ni rahisi kuliko nyembamba tatu zinazotoboka. Dawa usiinunue katika kapu la mchuuzi anayezipitisha juani. Nenda kituo cha afya, uulize, usome tarehe ya mwisho wa dawa. Dawa iliyoharibika ni hasara mara mbili: fedha imekwenda, ugonjwa umebaki.

Kiasi humwambia: fanya hesabu ya vitu vidogo. Anayetoa franka 1,000 kila siku kwa kitu asichokihitaji, iwe sigara, iwe maneno ya bure katika simu, mwisho wa juma ametoa franka 7,000. Mwezi wa siku thelathini ni 30,000, na mwaka mzima ni 365,000. Mtu huyo akiambiwa alipe mchango wa ugonjwa au anunue madaftari ya watoto, husema kwa kweli kabisa kwamba hana kitu. Hakuibiwa na mtu. Imemtoka kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa.

Haki humwambia: usimdanganye mwenzako. Hapo juu ya ziwa hilihili, Goma, aliishi kijana mmoja, Floribert Bwana Chui, aliyefanya kazi ya serikali ya kuchunguza bidhaa. Aliletewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, naye akakataa, kwa sababu watu wangalikula sumu. Aliuawa katika mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Basi mwenye kutia maji katika maziwa, au mawe katika maharagwe yake, amtazame kijana huyo na aone haya.

Nguvu humwambia: uweze kusema hapana. Hapana kwa rafiki anayekuvuta kwenye pombe siku ya malipo. Hapana kwa mkopeshaji anayedai riba kila mwezi kwa deni la sikukuu ya siku moja. Neno hilo ni fupi, lakini linahitaji neema. Liombeeni.

IV. «Fedha huoza, heri tuile leo»

Wako wazee wanaosema hivyo, nao hawasemi bure. Wakati wa Noeli ya mwaka 1979 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 hazitumiki tena, na watu wengi walibaki na karatasi mikononi. Katika miaka ya 1990 bei zilipanda hata noti zikabadilishwa katika 1993, na tena katika 1998 franka iliporudi. Katika mwezi wa Februari 2025, vita ilipofika Kavumu na Bukavu, wengi walikimbia wakaacha nyumba na vyote vilivyokuwamo.

Ni kweli, fedha huoza. Bwana mwenyewe alionya juu ya nondo na kutu na wezi. Lakini hakusema kwamba kwa sababu hiyo mtu ainywe. Alisema aiweke pasipofikiwa na hayo. Mbegu iliyopandwa haifutwi na tangazo la serikali. Mbuzi wa kike huzaa chini ya noti yoyote. Mtoto aliyejua kusoma, akikimbia usiku, hukimbia na elimu yake. Mchango wa mituweli ya afya, ambayo Jimbo Kuu la Bukavu limeifundisha kwa miaka mingi, hugeuka kuwa kitanda cha hospitali siku ya ugonjwa. Likelemba ya majirani waaminifu hukusanya fedha kidogo kidogo kwa zamu, na pamoja na fedha hujenga urafiki. Na kile alichopewa maskini kimekwisha kufika mbinguni, ambako hakuna mwizi.

Papa Fransisko, aliyefariki katika mwaka 2025, aliandika barua iitwayo Laudato si' katika mwaka 2015. Alifundisha kwamba kuishi kwa kiasi, kwa hiari na kwa furaha, humweka mtu huru. Maskini asidhani fundisho hilo ni la matajiri wa Ulaya tu. Mwenye kidogo naye aweza kuwa mtumwa wa tamaa, na mwenye kidogo naye aweza kuwa huru.

Maswali ya kujifunza

Swali: Je, ni dhambi kufanya sikukuu?
Jibu: Hapana. Bwana Yesu alikwenda arusini Kana, akawafurahisha wageni. Ubaya ni kufanya sikukuu kwa chakula cha watoto, kwa mbegu, au kwa deni lisilolipika.

Swali: Je, mtu mwenye kiasi ni mchoyo?
Jibu: Hapana. Mchoyo hujinyima ili azidi kuwa navyo. Mwenye kiasi hujinyima ili apate cha kuwapa wanawe na maskini.

Swali: Mkatekumeni ajiulize nini kabla ya kununua?
Jibu: Ajiulize mambo matatu. Je, kitu hiki kinahitajiwa? Je, nani nyumbani atakosa nikikinunua? Je, nitakifurahia hata mwezi ujao?

Azimio la juma hili

Kila mume na mke waketi pamoja jioni moja, kabla ya kulala, wahesabu kilichoingia na kilichotoka katika juma lililopita. Wasigombane. Wachague kitu kimoja tu cha kuacha mpaka Pasaka, na wapatane ni nani atakayepata faida yake: mtoto, mgonjwa, au maskini wa jirani. Kisha wakague kapu la mbegu, walifunge vizuri, waliweke mahali pakavu.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyewalisha watu elfu tano jangwani, kisha ukaagiza makombo yakusanywe yasipotee, utujalie macho ya kuona kilicho cha lazima na moyo wa kuacha kisicho cha lazima. Linda mashamba yetu na watoto wetu. Utufikishe kwenye maji ya Ubatizo tukiwa na mikono safi, bila deni la majivuno. Amina.