Kitanda Usichokilalia: Mjenzi Ana Deni Gani kwa Mkaaji?

Mjomba wangu ni fundi wa nyumba kisiwani Ibo. Hujenga kwa miti, mawe na udongo, na kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza humketisha mwenye nyumba na kumuuliza maswali. Kinu utakiweka wapi, mama? Mgeni akija, atakaa wapi bila kuwaona waliomo uani? Swali la mwisho hulisema kwa sauti ya chini: jeneza litapita mlango gani? Nilipokuwa mdogo nililiona swali hilo kuwa la kisirani. Sasa niko mwaka wa pili nasomea usanifu wa majengo, na kila siku naona uzito wake.

Katika insha hii nataka kujadili jambo moja: anayemjengea mwenzake nyumba ana deni gani kwake? Akimjengea nyumba imara na safi, je, deni limekwisha hata kama hakumuuliza kitu?

Nitaanzia mbali, London, kwa sababu huko yupo mtu ambaye kazi yake imenisumbua sana. Henry Astley Darbishire alizaliwa mwaka 1825 na kufariki 1899, na anakumbukwa zaidi kwa majumba ya kuwapangisha wafanyakazi maskini. Alichora Columbia Square, majumba yaliyogharamiwa na mama tajiri, Angela Burdett-Coutts, na kukamilika 1862. Mwaka huohuo George Peabody, Mmarekani mwenye benki, alitoa fedha nyingi kwa ajili ya maskini wa London. Darbishire akawa msanifu wa mfuko wake hadi 1885. Jumba lao la kwanza lilifunguliwa Spitalfields mwaka 1864.

Ili kumhukumu kwa haki, lazima tukumbuke mji aliojengea. Familia nzima iliweza kuishi katika chumba kimoja, na mwaka 1866 kipindupindu kiliua maelfu ya watu mashariki mwa mji huo. Darbishire aliwapa wapangaji maji, hewa, mahali pa kufulia na uwanja wa watoto kuchezea. Lakini kuta za vyumba ziliachwa matofali matupu, na mpangaji hakuruhusiwa kubandika karatasi za mapambo, wadudu wasipate pa kujificha. Masinki na vyoo viliwekwa nje ya vyumba na kutumiwa kwa pamoja, ili iwe rahisi kuvikagua. Usiku geti lilifungwa. Kodi ililipwa kila wiki, na maskini wa mwisho kabisa, asiye na kazi ya uhakika, kwa kawaida hakuimudu.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Darbishire anautia methali hii mtihani. Hakulalia kitanda kile, lakini kunguni wake aliwajua vizuri kabisa, na alijua namna ya kuwaondoa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba asiyeishi mahali hawezi kupajua. Ninachouliza ni kama kuwajua kunguni kunatosha kumjua mwenye kitanda. Mtu aliyetaka kubandika karatasi ya maua ukutani alikuwa anasema kitu juu ya maisha yake, na mchoro haukuwa na nafasi ya kukisikia.

Sisi wa pwani hatuhitaji kwenda London kuliona jambo hili. Baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ya Karume iliamua kwamba watu wa Ng'ambo, mjini Unguja, watoke katika nyumba za udongo. Wataalamu wa Ujerumani Mashariki walisaidia kupanga mji mpya, na Michenzani yakasimama majumba marefu ya ghorofa kando ya barabara pana. Nyumba za watu zilibomolewa kuyapisha, na wengi waliobomolewa walipewa makazi humo. Lilikuwa jambo kubwa, kwa maana lilimwambia mnyonge kwamba naye anastahili saruji, umeme na choo cha ndani. Sitaki kulidharau.

Shangazi yangu anaishi huko, ghorofa ya tatu. Nilipomtembelea nilimuuliza kama anaipenda nyumba yake. Akacheka. "Mwanangu, mimi sihami hapa. Mvua ikinyesha nalala. Lakini nikitwanga, wa chini wanagonga. Na baraza yangu ni ngazi." Kisha akanieleza walivyomteremsha marehemu mume wake: kwenye kila kona vijana walilazimika kulisimamisha jeneza wima, naye akageuka asitazame. Nikamkumbuka mjomba. Nyumba ileile inaweza kuwa zawadi ya kweli na bado ikamwumiza aliyeipokea mahali ambapo mchoraji hakupafikiria.

Hata hivyo, nisimpambe mjomba kupita kiasi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipopiga Cabo Delgado, Ibo iliharibika vibaya, na nyumba kadhaa alizozijenga kwa maswali yake yote zilianguka. Upepo haukumuuliza mtu kinu kiko wapi. Mama mmoja aliyepoteza nyumba hiyo angefurahi, nadhani, kupata kuta nene za Darbishire bila kuulizwa lolote. Tena wapo wanaosema kwamba ukimuuliza mtu, atakuomba kile tu anachokijua. Ambaye hajawahi kuona maji ya bomba ndani ya nyumba atayaomba vipi?

Hoja hizo ni za kweli, lakini naona zinachanganya mambo mawili. Ujuzi wangu unanipa haki, tena wajibu, wa kumwambia mwenye nyumba: nguzo hii haitabeba paa, kisima hiki kiko karibu mno na choo. Haunipi haki ya kumwambia atakaaje na nani, apike wapi, amlilie vipi maiti wake. Yale ya kwanza mimi nayajua kuliko yeye. Haya ya pili yeye anayajua kuliko mimi. Kwa hiyo kumuuliza si adabu tu ninayomfanyia. Nisipouliza, nachora bila kujua nusu ya kazi yangu.

Najua mpaka huo hauko wazi siku zote. Karatasi ya ukutani ni pambo, na pia ni makazi ya kunguni watakaohamia kwa jirani. Panapokuwa hivyo, naona mjenzi anadaiwa sababu: amweleze mkaaji, amsikilize, na awe tayari kubadili mchoro. Kuuliza huku umeshaamua ni kumpotezea mtu wakati.

Jambo hili kwetu si la vitabuni. Katika wilaya ya Palma, watu wa rasi ya Afungi walihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda ili kupisha mradi wa gesi. Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia huko, na nyumba zilizochorwa kwa familia moja moja zikalaza familia kadhaa. Hakuna msanifu aliyepanga hivyo. Waliopanga ni wenye nyumba, usiku ule, waliposogeza mikeka. Watu wengi zaidi watajengewa upya katika mkoa wetu, na baadhi ya michoro hiyo huenda itapita mikononi mwa vijana wa rika langu.

Muhula huu tulipewa zoezi la kuchora jumba la ghorofa nne. Kona ya ngazi yangu ilikula nafasi kubwa kuliko za wenzangu, na mwalimu akauliza kipimo hicho nimekitoa wapi. Nikamwambia nimepima kwa urefu wa jeneza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu: mjomba wangu, fundi wa Ibo, na shangazi yangu wa ghorofa ya tatu.