Dhamana ya Mgeni

Wengi wetu tuliohamia Marekani tumewahi kuulizwa katika duka la simu: uko tayari kuweka dhamana? Mtu ana kazi, kodi ya nyumba analipa, na kwao jina lake ni safi. Hata hivyo anaambiwa aache fedha kwanza ndipo apewe laini ya kulipia mwisho wa mwezi. Hutoka amenuna, akisema ameitwa mwizi. Je, ni kweli?

Tutazame mambo yanavyokwenda. Laini ya namna hiyo ni mkopo: tunaongea leo, tunalipa baadaye, na mara nyingi simu yenyewe tunailipia kidogo kidogo. Kwa kuwa kampuni haitujui, huangalia rekodi ya madeni yetu. Alama za FICO, zilizoanza mwaka 1989, huenda kutoka 300 hadi 850, na hazipatikani mpaka mtu awe na akaunti ya mkopo iliyotimiza miezi 6. Aliyelipa madeni yake yote Mombasa au Bujumbura, huku ni ukurasa mtupu. Asiyekujua hakuthamini.

Basi kutojulikana si sawa na kushukiwa. Kurani, katika Suratul Baqara aya ya 283, inawaruhusu walio safarini, wasipopata mwandishi, kupokeana rehani. Na wakiaminiana, aliyeaminiwa aitimize amana. Kwa hiyo rehani si tusi. Ni ya msafiri asiye na maandishi, na sisi ni wasafiri.

Hatusemi kwamba kila kitu ni haki. Dola 200 kwa mwenye mshahara mdogo ni chakula cha watoto, na kwa tajiri si kitu. Ndiyo maana tuijue sheria ya mwaka 1970 ya ripoti za mikopo: kampuni ikitukatalia kwa sababu ya ripoti hiyo, ni lazima itujulishe, nasi tuna siku 60 za kuidai nakala bila malipo.

Linalotusumbua zaidi ni njia ya mkato: kumwomba shemeji au binamu aandikishe laini kwa jina lake. Fedha ya dhamana ina risiti, na kwa kawaida hurudishwa kwa anayelipa vizuri. Jina la ndugu halina risiti. Bili isipolipwa, atakayefuatwa ni yeye, nasi tutakutana naye kwenye harusi na matanga huku tukikwepana macho. Asiyeweza kuweka dhamana, ipo laini ya kulipia kabla. Haina fahari, lakini haimtii mtu aibuni.

Kampuni inatudai fedha kwa kuwa haitujui. Ndugu hakutudai kitu kwa kuwa anatujua. Kati ya hao wawili, amana ya nani ni nzito zaidi?