Kauli ya Anayekataa

Wengi wape, walinena wahenga. Hawakunena kwamba wachache wapokonywe hata kauli. Kura ikishahesabiwa, wengi wana haki ya uamuzi. Je, wachache wana haki gani?

Kule Mawengi, wilayani Ludewa, mkoani Njombe, sawa na vijiji vingine vya Tanzania Bara, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimu miaka 18. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaidhinisha. Mikono hunyooshwa, muhtasari huandikwa. Lakini muhtasari waweza kuandika "wameridhia" na kunyamaza juu ya aliyekataa na sababu yake. Mjukuu atakayeusoma atajua lililoamuliwa, asijue lililohofiwa.

Unguja na Pemba, tarehe 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, asilimia 33.6 waliikataa. Idadi yao imehifadhiwa, bali idadi haisemi sababu.

Huko California, Marekani, kijitabu rasmi cha wapiga kura hupanga hoja ya kukubali na ya kukataa pamoja, na mwandishi hutia jina lake. Ndani ya sharti hilo mna adabu: anayekataa hupewa ukurasa, naye hulazimika kujibia maneno yake.

Yupo atakayesema kwamba kijiji ni kisima kimoja na makaburi mamoja, na pingamizi lililoandikwa huzaa uhasama. Hofu hiyo si ya kubezwa. Lakini pingamizi lisiloandikwa halifi. Hugeuka mnong'ono, na mnong'ono hauna mwenyewe wa kuulizwa. Washairi wa pwani walilijua hili zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana na wa Lamu kwa beti, na kila upande ukabeba neno lake hadharani.

Tena wachache huweza kuwa wameona mbali. Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo ilizipima hoja za wale wachache na kupendekeza vyama vingi, vilivyorejea mwaka 1992. Lau wangehesabiwa tu bila kusikilizwa, pasingekuwa na cha kupima.

Basi wengi wape uamuzi. Wachache waandikiwe sababu zao, kwa wino ule ule.