Subira ya Anayejua

"Mwanangu, kama uvimbe utaondoka wenyewe, hiki kipimo ni cha nini? Si tungesubiri tu, tukamwachia Mungu?"

Bibi aliniuliza hivyo katika chumba changu cha altrasaundi. Mjukuu wake wa wiki nne, aliyezaliwa kwa kutanguliza matako, alikuwa na uvimbe mgumu shingoni kulia. Kichwa kimeinamia huko, kidevu kimegeukia kushoto. Nilishawaeleza kwamba si saratani. Ni msuli ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga na kidari, umenenepa katikati, na watoto wengi hupona kabla ya kutimiza mwaka kwa mazoezi ya kunyoosha shingo.

Swali lake ni la imani, nami ni mtu wa imani, hivyo sikulipuuza. Lakini sioni kwamba walikuwa wakisubiri kabla ya kuja. Walikuwa na hofu. Jirani ameshauri mtoto achanjwe chale, mwingine ameleta mafuta ya kukandia, baba anauliza bei ya upasuaji. Asiyejua ni vigumu kutulia, na mwili wa kichanga ndio unaolipia mahangaiko hayo.

Kipimo chenyewe ni sauti tusiyoisikia, inaingia mwilini na kurudi kama mwangwi. Hakina mionzi, hakihitaji dawa ya usingizi. Mtoto huyu alinyonya huku nikipitisha kifaa shingoni. Nilitazama kama uvimbe umo ndani ya msuli na unasogea pamoja nao. Ungekuwa vifuko vyeusi vyenye maji, au ungekaa katikati ya shingo, ningewaza ugonjwa mwingine kabisa.

Wapo wanaodhani kupima ni kupunguza tawakali. Mimi naona tawakali inabaki na kazi kubwa vilevile. Picha imenionyesha uvimbe huu ni nini. Haikunionyesha kama shingo ya mtoto huyu itanyooka yote, maana wachache huishia kuhitaji upasuaji. Hapo ndipo pa kumwachia Mungu. Kumwachia na lile ambalo ametupa njia ya kulijua, kwangu mimi, ni kukataa alichotupa.

Nilimjibu, "Bibi, sasa ndiyo mnaanza kusubiri. Mlazeni ili mkimwita ageuze uso kulia. Na uvimbe ukiendelea kukua baada ya miezi mitatu, msisubiri tena, mleteni."