Mti wa Pambo Kando ya Nyumba

Mti wa pambo unaopandwa karibu na nyumba huchaguliwa kwa kutazama ukubwa wake utakapokomaa. Mvinje na mwarubaini, iliyozoeleka Diani na Msambweni, pwani ya kusini ya Kenya, kitaluni huwa vijiti tu. Baadaye hupita paa na kufikia nyaya za umeme. Huko Diani, jambo hilo lina uzito wa ziada, kwani mbega hupita matawini na hunaswa na umeme. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, hupunguza matawi yaliyo karibu na nyaya kwa sababu hiyo.

Kwa ua wa kawaida, mkomamanga unafaa kuliko mingi: haukui sana, huvumilia ukame na udongo wenye chokaa, na maua yake mekundu huacha matunda. Mhina nao hustahimili jua kali. Mkilua, ambao maua yake hutiwa kwenye vikuba (vishada vya maua ya kunukia), hupendelea kivuli.

Kuchimba shimo la kupandia ndiyo kazi yenyewe. Penye mwamba wa matumbawe udongo ni haba, na jembe halitoshi, hutumika mtaimbo. Upana na kina cha sentimita 60 hutosha, mita tatu kutoka ukutani, mbali na shimo la choo. Udongo huchanganywa na samadi iliyooza, na shina halifukiwi kupita lilivyokuwa kitaluni. Masika ndiyo majira bora. Kwa kuwa kusi huvuma wakati huohuo, mche hufungwa kwenye kigingi, kwa kamba iliyolegea kidogo.