Mlo wa Jioni Kikombeni

Palikuwa na dada mmoja mzaliwa wa Lodwar, mhasibu katika shirika la misaada huko Kakuma. Kisa chake nimekiunganisha kutokana na mambo yanayowapata wengi, kwa hiyo hana jina, na asitafutwe. Mama yake alikulia malishoni pande za Loima, akihama na mbuzi na ngamia. Yeye alikulia mjini karibu na mto Turkwel, akasoma, akaajiriwa, na kazi ikamweka kitini mchana kutwa. Alipotimiza miaka thelathini na minane, nguo zilikuwa zinambana na mhudumu wa kliniki alikuwa amemwambia kwamba presha yake imeanza kupanda.

Jambo hilo si geni Turkana. Mwaka 2020 watafiti, miongoni mwao Amanda Lea na Julien Ayroles, walichapisha matokeo ya kupima afya ya Waturkana watu wazima zaidi ya 1,200. Wafugaji wanaoishi zaidi kwa maziwa, damu na nyama walikuwa na afya njema ya moyo na mishipa. Walioacha ufugaji wakabaki vijijini hawakutofautiana nao sana. Mabadiliko makubwa yalionekana kwa waliohamia mijini, ambako unene na presha vilizidi.

Alipoazimia kupunguza mwili, basi, alikuwa na sababu ya haki, na bidii aliyokuwa nayo naiheshimu. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshatoka, akitembea kuifuata laga ya Tarach, ule mto wa msimu, kabla jua halijawa kali, saa nzima bila kupumzika. Chapati aliacha. Mandazi na sukari ya chai aliacha pia. Kitu kimoja tu hakukiacha, nacho ni mvinyo wa jioni.

Tusimhukumu upesi. Jioni za Kakuma ni ndefu kwa mtu anayeishi katika kompaundi ya shirika. Lango hufungwa mapema, watoto wake walikuwa Lodwar, kilomita 120 hivi kwa barabara, na chumba cha mabati huendelea kutoa joto hadi usiku mkubwa. Kisha mwenzake wa kazi alikuwa amemwambia, "Dada, waini ni zabibu tu. Inayeyusha mafuta. Bia ndiyo inaleta kitambi." Maneno hayo husemwa sana, Lodwar na hata Nairobi, na si kweli. Hakuna mvinyo unaoyeyusha mafuta. Gramu moja ya pombe, iwe ya zabibu, ya mtama au ya shayiri, ina kalori 7. Gramu ya wanga au ya protini ina 4, na ya mafuta ina 9.

Halafu kuna kipimo, na hapo ndipo wengi hujidanganya bila kukusudia. Wataalamu wa lishe wanapotaja glasi moja ya mvinyo, kwa kawaida wanakusudia mililita 150, zenye kalori kama 120. Kompaundini hapakuwa na glasi za mvinyo. Dada alitumia kikombe chake cha chai, kile kikubwa cha mililita 300, akakijaza mara mbili, na katika daftari lake la chakula akaandika "glasi mbili". Vikombe viwili hivyo ni mililita 600. Mvinyo wenye pombe asilimia 12, kwa kiasi hicho, hubeba gramu 57 hivi za pombe, yaani kalori karibu 400 kabla hujahesabu sukari. Na huo aliokuwa akinunua ulikuwa mwekundu mtamu, wenye sukari si haba. Mwendo wake wote wa alfajiri, kwa mtu wa kilo 80, ulitumia kalori 300 hivi. Kila siku alikuwa analipa deni asubuhi na kukopa zaidi jioni.

Mizani haikusogea. Ndipo akafanya kosa lililonisukuma kuandika kisa hiki: badala ya kuacha mvinyo, aliacha chakula. Aliwaza kwamba kalori zote ni sawa, akaondoa samaki, maharagwe na sukuma wiki katika jioni yake ili vile vikombe viwili vipate nafasi. Mizani ikaanza kushuka. Kilo mbili, kisha tatu, naye akafurahi sana.

Mama aliyewafulia nguo pale kompaundini aliliona jambo hilo kabla ya mtu wa kliniki. Alikuwa Mturkana wa makamo, na msimu ukiwa mbaya alipika pombe ya busaa akauza ili watoto wake wasilale njaa. Kakuma, tangu kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa mwaka 1992, si ajabu mtama wa mgao kugeuzwa pombe, kwa sababu pombe huuzika haraka na fedha yake hununua kuni, unga na sabuni. Mwanamke aliyeishi na biashara hiyo anaijua vizuri sura ya mtu anayekunywa bila kula.

"Mwanangu," alimwambia, "friji yako ina samaki tangu Jumatatu."

"Napunguza mwili, Mama."

"Kwetu mtu hunywa jioni akikosa chakula. Wewe chakula unacho. Kula kwanza, hiyo nyingine ingoje."

Dada alimshukuru kwa heshima, na jioni ile akajaza kikombe kama kawaida.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, joto likiwa limepamba moto, alianguka kando ya laga chini ya miti ya mathenge. Jasho la baridi lilimtoka, mikono ikamtetemeka, maneno yakamkwama. Vijana wa bodaboda waliosimama walinusa pombe ya jana, na mmoja akasema aachwe alale, pombe itamtoka. Shauri hilo lingeweza kumuua. Heri yake ilikuwa kwamba yule mama wa kufua alikuwa akija kazini kwa njia hiyo hiyo. Alimkalisha, akaona bado anaweza kumeza, akamnywesha chai ya sukari nyingi kutoka kibanda cha karibu, kisha akapanda naye pikipiki hadi kliniki. Walipomtoboa kidole, sukari ya damu ilikuwa imeshuka hadi milimoli 3.1 kwa lita, na hapo ameshakunywa chai.

Mtu asipokula, ini ndilo linalolinda sukari ya damu. Kwanza hutoa akiba yake, na akiba ikiisha hutengeneza sukari mpya. Pombe ikiingia, kazi hiyo ya kutengeneza hukwama, kwa maana mwili hauna mahali pa kuweka pombe na ni lazima ini liiondoe kwanza. Uchomaji wa mafuta nao hupungua kwa saa hizo. Aliyekula jioni akiba humvusha hadi asubuhi. Dada alikuwa hajala tangu mchana wa jana, amekunywa vikombe viwili, na ametembea saa nzima. Pombe pia huongeza mkojo, hivyo lile joto lilimkuta tayari amekaukiwa maji. Na kilo zile alizozifurahia hazikuwa mafuta pekee. Ndani yake mlikuwa na maji, na misuli ya mtu aliyejinyima protini.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari. Na mtu akikutwa anatetemeka, ana jasho la baridi na kauli imevurugika, apimwe sukari hata kama ananuka pombe. Asiyeweza kumeza asitiwe kitu mdomoni: alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitalini mbio.

Mhudumu wa kliniki hakumkemea. Alimuuliza anakunywa kiasi gani, akajibiwa glasi mbili, naye akasema, "Kesho niletee glasi yenyewe." Kilipoletwa kikombe, alikipima kwa maji, na dada akayaona kwa macho yake mahesabu ambayo daftari lake lilikuwa limeyakosea kwa miezi. Kisha akamuuliza jioni zake zikoje. Swali hilo nalipenda kuliko yote aliyoyauliza, kwa kuwa vikombe vile vilikuwa vimeshika nafasi ya watoto walio mbali.

Mvinyo ukatoka chumbani. Saa moja jioni akawa anakula samaki, maharagwe na mboga, na baada ya chakula ndipo anawapigia watoto simu. Wiki ya kwanza mizani ilipanda kilo moja na nusu, akalia, ingawa mhudumu alikuwa amemtahadharisha kwamba maji yatarudi mwilini. Kuanzia wiki ya tatu uzito ulishuka, chini ya nusu kilo kwa wiki, na safari hii presha ilishuka nao. Mwenzake wa kazi alipoona anapungua, alimuuliza siku hizi anakunywa waini gani. Dada alimpeleka jikoni, akampimia mililita 150 za maji ndani ya kikombe kile cha chai, akamwonyesha zilipofika.