Faini Isiyo na Mashahidi

Wazee wetu hawakuikubali faini ya gizani. Mtu akidaiwa kosa aliitwa barazani, mshitaki akasimama akaonekana uso, mshitakiwa akapewa nafasi ya kusema, na kama ni mbuzi wa kutozwa, aliletwa mchana kweupe. Katika jamii nyingi mbuzi huyo alichinjwa akaliwa na wote, ili kila mmoja ajue kwamba neno limekwisha. Malipo yaliyopita chini ya mkeka yalikuwa na jina lingine.

Nauleta utaratibu huo hapa kwa sababu ya ujambazi wa kompyuta ulioenea Ulaya kuanzia mwaka 2011, kisha ukavuka hadi Marekani. Mtu anaperuzi intaneti, ghafla skrini nzima inajaa nembo ya polisi. Ujerumani ilikuwa nembo ya polisi wa shirikisho, Uingereza ya Metropolitan Police, Marekani ya FBI. Programu ilisoma anwani ya mtandao, ikajua kompyuta iko nchi gani, ikavaa sare ya nchi hiyo. Maandishi yalidai kwamba umekamatwa ukipakua muziki bila haki, au ukitazama picha chafu, pengine hata za watoto. Wakati mwingine kamera iliwashwa, mtu akauona uso wake mwenyewe katikati ya hati ya mashtaka. Kompyuta imefungwa. Lipa, Ulaya mara nyingi euro 100, Marekani dola 200, kwa namba za vocha zinazouzwa dukani. Usipolipa upesi, utafikishwa mahakamani. Iliyovuma zaidi iliitwa Reveton, na Agosti 2012 FBI yenyewe ililazimika kuwaonya wananchi juu ya wezi waliovaa jina lake.

Nyuma ya vitisho vile hapakuwa na askari wala jalada la kesi. Tofauti na programu za utekaji zilizokuja baadaye, ambazo huyafunga mafaili yenyewe kwa msimbo mgumu, hizi mara nyingi hazikugusa barua wala picha za mwenye kompyuta. Ziliifunika skrini tu.

Kilichowafanya watu walipe ni aibu. Matapeli waliyachagua mashtaka yao kwa akili. Hawakumwambia mtu ameiba ng'ombe, jambo ambalo angelikana kwa sauti mbele ya mtaa mzima. Walimtuhumu kwa jambo ambalo hata asiye na hatia haoni namna ya kulitamka mbele ya mkewe, mwanawe au shehe wake. Tumezoea kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtuhumiwa anajua majirani watalisema hilo. Basi anapima fedha na kimya upande mmoja, ukweli na fedheha upande mwingine. Analipa, wala hana hakika ya kufunguliwa.

Kwetu kuna jambo jingine, na naliandika kwa uchungu. Mtu aliyezoea kuona kesi ikiishia barabarani kwa noti iliyokunjwa ndani ya leseni hashangai polisi wa kwenye skrini akimwomba namba za vocha. Kila askari anayepokea chai anamfundisha raia kwamba sheria ina bei, na bei hiyo hulipwa kimyakimya. Tapeli anakuja kuvuna shamba ambalo mwingine amelilima.

Mwanzoni mwa mwaka 2015, huko Uingereza, kijana wa miaka 17 mwenye usonji alipokea ujumbe uliojifanya wa polisi: ameonekana kwenye tovuti haramu, alipe pauni 100. Alijiua. Mama yake alieleza kwamba kwa hali yake ya usonji kijana angeyachukua maneno yale kama yalivyo. Nikiikumbuka habari ile siwazi kwanza ufundi wa kompyuta. Nawaza nyumba zetu, na ni watoto wangapi ndani yake wanaojua kwa hakika kwamba wakija na neno la aibu watasikilizwa hadi mwisho kabla ya kukaripiwa. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumwelekezea mgonjwa peke yake. Mimi naona inawahusu zaidi waliomzunguka, maana mtu huficha pale anapojua atachekwa.

Na mwenye hatia ya kweli je? Mwaka 2013, katika jimbo la Virginia, Marekani, kijana mmoja alipoona onyo la FBI bandia alikwenda kituo cha polisi kuuliza kama anatafutwa. Kompyuta yake ilipopekuliwa zilikutwa picha chafu za watoto, akashtakiwa. Wapo walioicheka habari hiyo. Mimi naona haki ilitendeka, kwa kuwa matapeli wangemuuzia kimya kwa dola chache, na watoto wale wasingepata mtetezi. Programu ile humdhulumu asiye na kosa na humwachia mwenye kosa, kwa bei ileile.

Onyo bandia kama hilo likimkuta mtu, asilipe. Aipige picha skrini kwa simu, aitoe kompyuta kwenye intaneti, kisha amwite mtu mwingine aje aone. Kumwita mtu nakutanguliza mbele ya ufundi wote, kwa sababu hofu ikishatazamwa na macho manne akili hurudi. Fundi ataiwasha kompyuta katika hali salama, au kwa diski ya antivairasi iliyoandaliwa kwenye mashine nyingine iliyo safi, aiondoe programu ile. Kazi haiishii hapo. FBI ilionya mwaka 2012 kwamba hata skrini ikifunguka, Citadel, programu iliyotumika kuiingiza Reveton, huweza kubaki chini kwa chini ikiiba taarifa za benki. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe kwenye kifaa kingine. Programu zilizopitwa na wakati nazo zisasishwe, kwani matundu yake ndiyo yaliyokuwa mlango. Ilitosha mtu kufungua tovuti iliyotegwa.

Kisha picha ile ya skrini ipelekwe kwa polisi wa kweli, hata kama mguu utakuwa mzito. Hispania ilivigundua virusi hivyo Mei 2011, na malalamiko zaidi ya 1,200 yakafikishwa polisi. Kila aliyelalamika ilimbidi amweleze askari asiyemjua tuhuma ileile iliyoandikwa kwenye skrini yake. Polisi wa Hispania wakishirikiana na Europol waliufuatilia mtandao wa matapeli hao hadi Februari 2013, walipotangaza kwamba watu 11 wamekamatwa. Aliyetajwa kuwa kiongozi wao, Mrusi wa miaka 27, alikuwa ameshatiwa mbaroni Dubai Desemba iliyotangulia.